Dhamana ya Kisichoonekana: Shokapu za Nyuma na Lawama ya Asiyejua

Shokapu, yaani kifaa chenye mafuta kinachozuia springi isiendelee kurukaruka baada ya gurudumu kupita shimo, haibebi uzito wa gari kama wengi wanavyodhani. Kazi yake ni kulazimisha mafuta yapite katika matundu membamba ili nguvu ya mtikisiko igeuke joto. Kwa kuwa huchakaa polepole, dereva huizoea hali mbaya bila kutambua kwamba tairi za nyuma hazishiki tena barabara sawasawa, na hapo huzuka swali la kimaadili: je, asiyejua ana lawama? Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, aliona kwamba ujinga unaotokana na uzembe hauondoi lawama, na mafuta yaliyovuja juu ya shokapu ni ushahidi ambao yeyote anayeinama angeuona.

Swali huwa gumu zaidi mwenye gari anapobadilisha shokapu mwenyewe nyumbani. Fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, humtwisha dhamana, au wajibu wa kufidia madhara, anayejitia utabibu asiousomea. Kwa kiyasi, yaani kwa kulinganisha jambo na jambo, hukumu hiyo yaweza kumfikia anayekaza bolti za bushi za mpira magurudumu yakining'inia, ilhali hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, mpira usije ukajipinda na kuchanika mapema. (Anayeingia uvunguni kwa kutegemea jeki bila stendi huhatarisha kwanza nafsi yake, nayo ni amana, yaani kitu alichokabidhiwa akitunze.) Kubadilisha shokapu ya upande mmoja tu, kwa kubana matumizi, ni kosa la aina nyingine: hapo mtu anajua hatari yake, na abiria wa nyuma hajaulizwa.