Wema Watoka Wapi: Katika Maumbile au Katika Mila?

 

Ndugu zetu Waislamu, vijana wetu wanaosoma skuli wametuletea darasani suali lisilofaa kujibiwa kwa hasira. Wasema: "Twafundishwa kuwa kujua wema na uovu kumetokana na maumbile yaliyobadilika kidogo kidogo kwa dahari nyingi, kisha kukatengenezwa na mila za wazee. Ikiwa ni hivyo, dini ina kazi gani?" Tumeona tuwajibu hapa, wasome pamoja na wazee wao, kwani suali lisilojibiwa msikitini hutafuta jawabu barabarani.

Kwanza yatupasa kuyaeleza maneno ya wataalamu hao kwa insafu, tusiwazulie. Charles Darwin, Muingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya binadamu, alisema kuwa mnyama mwenye silika ya kuishi na wenziwe, lau angepata akili kama ya mwanadamu, angepata na dhamiri. Mwaka 1964 William Hamilton akaonesha kwa hisabu vipi kiumbe huweza kujitolea kwa ajili ya jamaa zake wa damu. Na mwaka 1971 Robert Trivers akaeleza vipi wasio jamaa husaidiana kwa kutaraji kulipana. Khabari ya asili ya mwili wa binadamu hatuiingii leo. Maneno yetu ni juu ya tabia. Na katika tabia, mengi ya haya si mageni kwetu. Ibn Khaldun, katika Mukaddima aliyoiandika mwaka 1377, alikwisha kueleza nguvu ya asabia, yaani mshikamano wa ukoo, na akaonesha kuwa mtu hufuata mazoea yake kuliko asili yake. Nasi twaitakidi kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, kisha wazazi wake humuelekeza watakako. Basi fitra na malezi ndiyo hayo maumbile na mila.

Sasa natuweke vitabu kando, tutazame nchi. Kaskazini ya Kakamega, karibu na njia itokayo Eldoret kwenda Kitale, pana mahali paitwapo Likuyani. Zama za ukoloni nchi za pande zile zilitengewa walowezi wa Kizungu. Ulipokaribia uhuru, kuanzia mwaka 1962, ukafanywa mpango wa kununua mashamba ya walowezi, zaidi ya ekari milioni moja katika Kenya, na kuwapa Waafrika kwa mkopo. Zikahamia huko takriban familia 35,000. Pande za Lugari na Likuyani zikawa miongoni mwa makazi hayo. Wakaja Waluhya wa koo mbalimbali, Wamaragoli na Wabukusu na wengineo. Wabukusu huwatahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa. Wengine wana taratibu zao. Mtu aliyeyaacha makaburi ya babu zake akajikuta mpaka wa shamba lake umekutana na shamba la asiyejua hata maamkizi yake.

Zingatieni mambo mawili. La kwanza ni wema. Watu wale hawakuhitaji mkalimani wa kuwaambia kuwa mwizi wa mahindi ni mtu wa aibu, wala kuwa mtoto mwenye njaa hulishwa. Hiyo ni fitra. Na kule kujifunza kuhudhuria msiba wa jirani asiye wa ukoo wako, ukachukua jembe ukachimba kaburi la mgeni, hiyo ni mila iliyopanuka. Twaikiri na twaisifu.

La pili ni dhulma. Shamba la makazi liliandikwa mara nyingi kwa jina la mtu mmoja, naye ni mume. Akifa mume, iko mila ijulikanayo miongoni mwa Waluhya ya mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu. Yamkini asili yake ni huruma, ili mjane na mayatima wasitupwe. Lakini ardhi ikisha kuwa na thamani, hutokea shemeji akalitaka shamba kuliko amtakavyo mjane. Na mjane akikataa, huambiwa arudi kwao. Hapo mila iliyozaliwa kwa huruma imekuwa mtego. Na maumbile hayamkemei yule shemeji! Kwani ile ile silika ya kupenda damu yake ndiyo inayomnong'oneza: "Mpe mtoto wa ukoo wako, mtoe mwanamke wa ukoo wa watu."

Hili ndilo jawabu letu kwa vijana. Maumbile na mila hueleza vipi tabia imekuja. Hayawezi kuhukumu kuwa tabia hii ni haki na ile ni batili. Aliyekwisha kuijua chemchemi ya mto Nzoia bado hajajua kama maji aliyoyateka leo yafaa kunywewa. Waarabu wa zama za Jahilia nao waliwarithi wajane kama mali. Mwenyezi Mungu akalikataza jambo hilo katika Suratun Nisaa, aya ya 19, na katika aya ya 12 akampa mjane fungu lake: robo ikiwa mume hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa ameacha. Kisha katika aya ya 135 akatuamuru tusimamishe uadilifu japo ni juu ya nafsi zetu, na wazazi wetu, na jamaa zetu. Tazameni amri hii inavyoikabili silika ya damu uso kwa uso!

Lakini msifurahi upesi, enyi watu wa mwambao, mkasema hayo ni ya watu wa bara. Sisi tujiitao waungwana, ni nyumba ngapi katika miji yetu ambazo mwenyewe amekufa zamani na hazijagawanywa hata leo? Ndugu wa kiume wapokea kodi, na dada zao huambiwa: "Ngojeni." Akidai mmoja, husemwa hana haya. Aya gani hiyo? Hiyo ni mila, nayo ni mbovu. Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1981, na mwaka 1990 Waislamu wakatolewa ndani yake ili wafuate sharia yao; na Katiba ya mwaka 2010 imezithibitisha mahkama za Kadhi. Basi tumepewa sharia tuliyoitaka, kisha twaikimbia! Mjane asiye Muislamu wa Likuyani anayo sheria ya serikali ya kuikimbilia. Itakuwa aibu iliyoje akipata haki yake yeye kabla ya dada yetu aliye nyumba ya pili na msikiti.

Kwa hiyo twausia: kila mwenye mirathi mkononi mwake aigawanye kabla ya kuulizwa. Asiyejua mafungu na aende kwa Kadhi. Na vijana nao, watakapoona dini imeshinda mapenzi ya mali ndani ya nyumba zao wenyewe, watajua dini ina kazi gani.

Mwenyezi Mungu atuoneshe haki kuwa ni haki, na atupe nguvu ya kuifuata. Amin.