Mtandao Unasumbua

Kisa hiki nakisimulia kwa ruhusa ya mwenyewe, na jina lake nalihifadhi. Ni mama anayenunua mpunga Chekereni, anakoboa, kisha anauza mchele kwa wateja wa Moshi mjini. Siku alipoibiwa nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la duka lake, na nilitamka neno moja ambalo hadi leo linanichoma.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Wateja wake humtumia fedha kwenye simu, naye huwalipa wakulima kwa simu hiyo hiyo. Siku hiyo, karibu saa sita mchana, alikuwa anataka kumlipa mkulima aliyeleta magunia. Simu ikakataa. Alama ya mtandao ilikuwa imepotea kabisa. Akaizima, akaiwasha, hali ikabaki vile vile. Nikamwambia, "Mama, mtandao unasumbua leo. Subiri kidogo, utarudi."

Tulisubiri hadi jioni. Mtandao haukurudi, kwa sababu haukuwa umepotea. Namba yake ilikuwa imehamishiwa kwenye laini nyingine, mikononi mwa mtu mwingine. Alipofika kwa wahudumu mjini kesho yake, mtaji wa msimu ulikuwa umekwisha kuondoka.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba ishara zilikuwepo, tena si moja. Wiki chache kabla ya hapo, kijana mwenye mwavuli na mashine ya kusajili laini alimhudumia pale barabarani. Mama akaweka kidole. Kijana akasema, "Haijasoma mama, weka tena." Akaweka tena, na tena. Aliona ni kawaida, mashine zinasumbua. Baada ya siku kadhaa akapigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Mtu huyo alimwita kwa majina yake matatu na kumwomba athibitishe namba ya NIDA na muamala wa mwisho alioufanya. Simu ilitoka kwenye namba ya kawaida kama yangu na yako. Mama akajibu yote, kwa kuwa aliyepiga alikuwa na heshima na alimjua kwa majina.

Namba yake ya siri ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Wengi wetu tunafanya hivyo ili tusisahau. Lakini itazame namba yako ya NIDA: tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Aliyeipata namba ile alikuwa amepata na ufunguo wa mkoba.

Ishara ya mwisho ilikuwa mfukoni mwangu. Simu yangu ni ya kampuni ile ile, na mchana ule ilikuwa na mtandao. Niliitumia kupiga nyumbani nikiwa pale pale kwenye benchi. Kama ningejiuliza kwa nini yangu inashika na ya mama haishiki, huenda tungewahi. Sikujiuliza.

Tusidhani kosa hili ni la watu wa vijijini. Februari 2016 wezi wa mtandaoni waliingia kwenye mifumo ya Benki Kuu ya Bangladesh na kujaribu kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka kwenye akaunti yake iliyoko New York. Benki ile ilikuwa na mashine ya kuchapa iliyotoa kumbukumbu za miamala usiku na mchana. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 5, wafanyakazi waliikuta haifanyi kazi. Wakadhani ni hitilafu ya kawaida, maana ilikuwa imewahi kuharibika. Kumbe wezi ndio walioizima. Ilipokuja kufufuliwa, ilitoa maswali ya haraka kutoka New York kuhusu maagizo ya kuhamisha fedha. Dola milioni 81 zilikuwa zimekwenda Manila. Nyingine milioni 20, zilizopelekwa Sri Lanka, ziliokolewa kwa sababu kuna mtu aliona neno moja limeandikwa vibaya kwenye agizo, akasimama, akauliza.

Benki kuu yenye wataalamu, na mama mwenye duka la mchele, waliangushwa na sentensi moja: inasumbua. Mwizi wa siku hizi anaitegemea sentensi hiyo. Anajua kwamba mashine zetu husumbua kweli, kwa hiyo anajificha ndani ya mazoea yetu.

Nchi haikukaa kimya. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Lakini sheria humfuata mwizi baada ya wizi. Kabla ya wizi, mlinzi wa duka ni mwenye duka.

Basi ndugu zangu wenye maduka, vibanda vya uwakala, mashine za kukoboa na saluni, tufanye machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tupige *106# tuone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba zetu za NIDA. Tukiona tusiyoijua, twende ikafutwe. Ukiambiwa kidole hakijasoma, uliza kwa nini, na ukiondoka hakikisha hakuna laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina lako. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, wako wala wa mtoto. Anayekupigia kwa namba ya kawaida akidai ni huduma kwa wateja, kata, kisha piga wewe mwenyewe 100. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040. Fedha ya biashara isikae yote kwenye laini moja, na kila jioni salio liandikwe kwenye daftari. Na simu ikipoteza mtandao ghafla huku ya jirani inashika, usisubiri hata dakika kumi. Azima simu, piga 100, omba laini yako ifungwe.

Hapa Chekereni kuna chuo cha KATC, ambacho kimewafundisha wakulima wengi kilimo cha mpunga. Natamani elimu ya kulinda fedha za simu nayo ifundishwe kwa bidii ile ile, chuoni, kwenye vikundi vya akina mama na kwenye mikutano ya kijiji. Mpunga tunaulima kwa miezi, lakini fedha yake inaibwa kwa dakika.

Na kwa kweli uangalifu huu si mgeni kwetu. Mkulima wa skimu ya Lower Moshi akikuta maji yamepungua jarubani, hakai kwenye tuta akisema maji yanasumbua. Anabeba jembe, anaufuata mfereji kwenda juu hadi aone nani ameziba. Nami siku ile ningemshika mama mkono, tukaufuata mfereji wake mapema. Wewe ukiona maji yamekatika kwenye simu yako, usikae kwenye benchi kama nilivyokaa mimi. Inuka, ufuate.