Je, Mungu Aliwasahau Wazee Wetu?

Huko Busi, wilayani Kondoa, ndugu mmoja aliyekuwa akiichunguza Ahmadiyya aliniuliza swali ambalo siku ile sikulijibu vema. Alisema: "Sheikh, babu yangu amekufa hajui Kurani wala Injili. Alijua mtama, ng'ombe na kuomba mvua. Nikiingia katika dini hii, je, nakiri kwamba babu aliishi kama mnyama wa porini?"

Swali hili lina mzizi mrefu. Mwaka 1871 mtaalamu Mwingereza, Edward Tylor, aliandika kwamba dini ilianza kwa kuamini roho, kisha ikapanda ngazi polepole hadi kwa Mungu Mmoja, kadiri watu walivyostaarabika. Kwa mafundisho hayo, wasio na mji, maandishi wala mfalme wako chini ya ngazi. Wakoloni waliipenda sana ngazi hiyo. Na si ajabu, maana wao wenyewe walikuwa wamekaa juu yake.

Lakini ardhi yaikana. Mahali paitwapo Göbekli Tepe, nchini Uturuki, palipoanza kuchimbuliwa mwaka 1995, pana nguzo kubwa za mawe zilizochongwa na wawindaji zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, na wachimbuzi wengi waona kwamba zilihusika na ibada. Maandishi ya Sumeri yalikuja zaidi ya miaka 5,000 baadaye. Basi watu hawakungoja kalamu wala dola ndipo waabudu. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali: katika mapango ya Kolo, Kondoa hiyo hiyo, wawindaji wa kale waliacha michoro ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika Urithi wa Dunia.

Kurani Tukufu yafundisha kwamba hakuna umma usiopelekewa mwonyaji (35:25), na kwamba wako mitume ambao Mtume s.a.w. hakusimuliwa habari zao (40:79). Kwa sababu hiyo sisi Waahmadiyya twawaheshimu Krishna, Buddha na Zoroaster kuwa ni watumwa wa kweli wa Mungu.

Tena fikiri, ewe msomaji: kama ufunuo ungefuata ustaarabu, Mtume Mtukufu s.a.w. angezaliwa wapi? Zama zile Rumi na Uajemi zilikuwa na majeshi, hazina na maktaba. Waarabu wa Makka hawakuwa na dola, na wasomi wao walikuwa wachache mno. Mwenyezi Mungu akazipita dola zote mbili, akamchagua yatima asiyejua kusoma. Anayewadharau watu wa Busi kwa kukosa majumba ya mawe na atazame kwanza nyumba aliyozaliwa Mtume wake.

Simaanishi kwamba turudi kwenye mwamba. Hata leo wako waendao Mongomi wa Kolo kutambika wapate mvua, na kumtolea sadaka asiyekuwa Mungu ni shirki. Jambo hili sitalipunguza ili kumfurahisha mtu. Wala sidai kwamba michoro ile ni alama ya nabii. Nasema tu kwamba maji yakichafuka bondeni, mwenye akili hasemi kwamba mtoni hapakuwa na chemchemi. Warangi na Wagogo walikuwa na jina la Mulungu kabla mhubiri yeyote hajafika kutoka nje, nami nilipofika kufundisha nililikuta jina hilo likiningoja.

Na babu? Mungu asema kwamba haadhibu mpaka apeleke mtume (17:16). Firauni naye, mwenye dola kubwa, alimwuliza Musa a.s. habari za vizazi vilivyotangulia, labda akitaka awatukane wazee wa watu mbele ya baraza. Musa hakuwatukana. Alijibu kwamba elimu yao iko kwa Mola wake, ambaye hakosei wala hasahau (20:52-53). Nilipokwenda tena Busi nilimsomea ndugu yule aya hizo. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimsomee mara ya pili.