Wengi Wape, Lakini Si Dhamiri

Wahenga walisema, "Wengi wape." Neno hili ni jema katika kugawa kazi, kuchagua viongozi na kupanga mambo ya mji. Lakini je, wengi wapewe hata dhamiri ya mtu? Swali hili ndilo lililomshughulisha Hayden Covington, wakili wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1911.

Kazi yake kubwa ilikuwa rufani. Katika mahakama ya rufani mashahidi hawaitwi tena, wala machozi hayana kazi. Wakili husimama mbele ya majaji na hoja zake tu. Covington aliwatetea Mashahidi wa Yehova, naye alikuwa mmoja wao. Watu hawa walikuwa wachache, na wengi hawakuwapenda. Watoto wao walikataa kuipigia bendera saluti shuleni, kwa kuwa waliliona tendo hilo kuwa ibada impasayo Mungu peke yake. Basi walifukuzwa.

Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 8 dhidi ya 1, kwamba shule zilikuwa na haki ya kuwalazimisha. Baada ya hukumu hiyo Mashahidi walishambuliwa na makundi ya watu katika miji mingi. Mwaka 1943 kesi nyingine ilifika kutoka West Virginia, na Covington akaomba hukumu ile ya kwanza itenguliwe. Nchi ilikuwa vitani, na upande wa pili ulidai kuwa bendera huliunganisha taifa. Hoja hii haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo, majaji 6 dhidi ya 3 walikubaliana na Covington. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba haki za msingi hazipigiwi kura.

Hukumu hiyo ilikuwa ya hekima. Mkono waweza kuinuliwa kwa nguvu, moyo hauwezi. Na taifa linalohesabu mikono iliyoinuliwa kwa hofu hujidanganya. Sisemi kwamba kila atajaye dini aachwe atende atakalo: tendo limdhurulo jirani lapaswa kuzuiwa, hata likifanywa kwa jina la imani. Lakini watoto wale hawakumdhuru mtu.

Msomaji, si lazima uipende imani ya mwenzako ndipo uilinde haki yake. Leo wewe u miongoni mwa wengi. Kesho, katika mji mwingine, waweza kujikuta mmoja wa wachache. Kwa hiyo wahenga hao hao walisema pia, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."