Udongo Una Kosa Gani?
Mimi ni katekista wa kigango, mkulima wa ngoro kwenye miteremko ya Mbinga. Nyasi nazilaza, nazifukia kwa udongo, napata maharage na mahindi. Ndiyo maana lilinikwaza neno la kijana wetu anayesomea uhandisi: bomu la ardhini likilipuka chini ya gari la deraya, kinacholipiga bamba la chuma kwa nguvu kubwa ni udongo uliorushwa. Watafiti wa maabara hufyatulia chuma mchanga, mkavu na uliolowa, ili wapime pigo lake. Uliolowa ni mbaya zaidi. Tumbo la gari huchongwa umbo la V ili udongo upite pembeni.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, vita vya uhuru vilivyoanza 1964 na vita vilivyofuata viliacha mabomu kama hayo. Msumbiji ilitangazwa kuyamaliza 2015, panya buku waliofunzwa Morogoro kuyanusa wakiwa wamesaidia.

Kitabu cha Mwanzo kinasema ardhi ililaaniwa kwa ajili ya Adamu. Mimi naona haikutenda kosa, ilitumiwa. Nawaheshimu wa maabara, wanaokoa askari. Ila mama mwenye jembe hana bamba. Mtegaji wa bomu anadaiwa mguu wa mama huyo, na pia shamba aliloogopa kulilima miaka yote ile. Deni hili la pili sijasikia padri akiliungamisha.