Hesabu za Mtu Aliyetumwa kwa Siri

Machi 1776, makoloni ya Marekani yakiwa vitani na Uingereza, Bunge lao lilimtuma Paris mfanyabiashara wa Connecticut, Silas Deane, akatafute bunduki, baruti na sare za askari. Aliagizwa ajifanye mnunuzi wa bidhaa za kuwauzia wenyeji wa asili. Kifaransa kilimpiga chenga. Shehena za kulipia manunuzi hayo zilichelewa au zilitekwa baharini, na miezi ilipita bila barua kutoka kwa waliomtuma.

Mtu aliyeamriwa kuficha kila kitu anaweza kudaiwa risiti?

Ufaransa ilikuwa bado haijaingia vitani, kwa hiyo waziri wake wa mambo ya nje, Vergennes, hakuweza kumsaidia waziwazi. Silaha zilipitia kampuni ya kificho, Roderigue Hortalez, chini ya Beaumarchais, yule yule mtunzi wa tamthilia ya kinyozi wa Seville. Sehemu ya mtaji ilitoka hazina ya mfalme. Sasa mzigo ule ulikuwa zawadi au deni? Beaumarchais alidai alipwe. Arthur Lee, mjumbe mwenzake Deane, aliandika nyumbani kwamba ni zawadi, na kwamba Deane anajineemesha. Silaha hizo zilifika 1777 na kusaidia ushindi wa Saratoga. Ushindi huo ukazaa mkataba wa Februari 1778, ambao Deane naye aliutia saini.

Kisha akaitwa nyumbani. Akidhani anakwenda kutoa taarifa tu, aliacha makaratasi yake Paris. Bunge likataka hesabu.

Wanazuoni wa fiqhi wana neno hapa. Wakili ni mtu wa amana: mali ikipotea mikononi mwake bila uzembe wala kuvuka mipaka, hailipi. Lakini Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, inaagiza madeni yaandikwe na yashuhudiwe. Kumwamini mtu, basi, hakumwondolei wajibu wa kuandika. Na anayemtuma kwa siri anachukua sehemu ya lawama ya kukosekana kwa mashahidi, maana ndiye aliyewafukuza.

Deane hakuwa malaika. Alichanganya biashara zake na kazi ya umma, na msiri wake, Edward Bancroft, alikuwa jasusi wa Waingereza. Kumshuku kulikuwa na sababu. Kumwacha bila hukumu hakukuwa nayo. Mjumbe hauawi, lakini anaweza kusahauliwa. Mwaka 1779 Bunge lilimpa dola 10,500, akazikataa kwa kuwa hazikutosha. Mwaka 1781 barua zake za kukata tamaa, zilizoshauri mapatano na Uingereza, zilichapishwa, naye akaitwa msaliti. Alifariki melini mwaka 1789, akirejea Marekani.

Mwaka 1842 Bunge la Marekani lilikubali kwamba ukaguzi wa awali wa hesabu zake ulikuwa na makosa na ulimdhulumu, likawalipa warithi wake dola 37,000.