Adui Ni Nani?

Mwaka wa 1993 Mmarekani David Weber alitoa riwaya ya vita vya angani, The Honor of the Queen. Inasimulia sayari mbili, Grayson na Masada, ambazo watu wake walitoka kanisa moja. Walihamia Grayson kuikimbia teknolojia, kumbe udongo wa huko umejaa sumu! Bila mashine wangekufa. Wengi wakasema hili ni jaribu, Mungu anataka tujifunze. Wengine wakawaita waasi, wakaanzisha vita. Waliposhindwa, wakafukuzwa hadi Masada, na vizazi vingi baadaye bado wanataka kuwamaliza ndugu zao kwa jina la Mungu.

Imani ileile inageukaje kuwa upanga? Mimi naona hivi: mtu wa Grayson, jaribu linamhoji yeye mwenyewe. Wa Masada hana tena swali kwake. Makosa yote yako kwa mwingine.

Nasi tunapenda maombi ya vita, na ni sawa, Waefeso 6:12 inasema vita viko. Lakini mstari huohuo unasema adui si binadamu. Mbona basi kwenye kesha tunaita moto umshukie mama mkwe, ama jirani wa plot? Ukishampa adui wa Mungu sura na nambari ya nyumba, kilichobaki ni panga tu.

Wiki hii, kabla hujaomba dhidi ya mtu, uliza kwanza: Bwana, jaribu hili linanihoji nini mimi? Amina.